Shajara ya mradi: vipuri vya ThinkPad W530 ya ofisi ya upimaji ardhi

Mashine iliyo mezani ni ThinkPad W530, toleo la mwaka 2012. Prosesa ni i7-3720QM, kadi ya picha ni Quadro K2000M yenye kumbukumbu ya GB 2, na kioo ni cha inchi 15.6 chenye ubora wa 1920 x 1080. Kazi yake ni kupakua data za vyombo vya upimaji ardhi, kuchora ramani na kuandaa michoro ya viwanja kwenye programu za zamani zenye leseni ya kudumu. Leseni hizo haziuzwi tena kwa mpango ule wa kulipa mara moja. Ofisi ikinunua kompyuta mpya italazimika kununua na programu upya, na programu zinagharimu kuliko kompyuta. Ndiyo maana mradi huu upo.

Matatizo yaliyoorodheshwa siku ya kupokelewa: betri haikai, feni inapiga kelele na mashine inapunguza kasi ikifanya kazi nzito, herufi kadhaa za kibodi hazijibu, kioo kina mstari wima unaokuja na kupotea, na projekta haionyeshi chochote. Chaji iliyokuja nayo ni ya wati 90, na hilo nalo ni tatizo, ingawa halikuandikwa kwenye fomu.

Utambulisho wa mashine

Kabla ya kupiga simu kwa muuzaji yeyote, geuza mashine na usome lebo ya chini. Panapoandikwa TYPE pana tarakimu nne, kistari, kisha herufi na tarakimu za modeli. W530 nyingi ni 2436, 2438 au 2447. Lebo ikiwa imefutika, taarifa hizohizo zimo kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS, programu ya msingi inayowasha mashine: bonyeza F1 mara tu mashine inapowaka. Kwa namba hiyo unaweza kuona, kwenye ukurasa wa vipuri wa Lenovo, kila kipuri kilichofungwa kiwandani na namba yake ya FRU.

FRU ndiyo namba ya kumtajia muuzaji. Ni herufi na tarakimu saba, na imebandikwa kwenye kipuri chenyewe, pembeni ya namba nyingine mbili tatu ambazo huwachanganya watu. Kuna namba ya kiwanda kilichotengeneza, kuna namba ya mkusanyiko, halafu kuna namba ya kuagizia ambayo huonekana kwenye boksi la dukani tu. Betri kubwa ya mashine hii, kwa mfano, huagizwa kwa namba 0A36303, lakini lebo yake ina FRU inayoanza na 45N. Muuzaji akikwambia hana ya kwanza, huenda anayo ya pili mkononi na hajui kuwa ni kitu kilekile.

Kipuri kimoja kinaweza kuwa na FRU zaidi ya moja zinazobadilishana, kwa sababu Lenovo ilinunua kibodi na feni kutoka viwanda tofauti. Tumeandika zote kwenye karatasi moja, tukaipiga picha, na picha hiyo ndiyo tunayowatumia wauzaji WhatsApp. Ukiandika tu "kibodi ya Lenovo W530" utaletewa kitu chochote.

Kitabu cha fundi kinapatikana bure kwa PDF na kinashughulikia T530, T530i na W530 kwa pamoja. Kwamba Lenovo iliziweka mashine hizi kwenye kitabu kimoja ni jambo la msingi kwa mradi mzima, tutalirudia chini.

Diski na leseni kwanza

Hakuna skrubu iliyofunguliwa kabla ya hatua hii. Programu za zamani hufunga leseni kwenye kitu fulani ndani ya mashine: anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kadi ya mtandao), namba ya ujazo wa diski, au ufunguo wa USB. Zinazotumia FlexNet, mfumo wa kusimamia leseni, mara nyingi hutumia MAC au namba ya ujazo. Ukibadilisha bodi kuu, MAC ya waya inabadilika. Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi, MAC ya Wi-Fi inabadilika. Ukifomati diski, namba ya ujazo inabadilika. Fundi anarudisha mashine ikiwa nzima kabisa, lakini programu hazifunguki.

Kwa hiyo tuliandika matokeo ya amri hizi mbili na kuyahifadhi nje ya mashine:

ipconfig /all
vol c:

Kisha tukasoma faili la leseni kuona ni kitambulisho kipi kinatumika. Hapa ni MAC ya kadi ya waya, ambayo iko kwenye bodi kuu. Tafsiri yake ni kwamba bodi kuu haiguswi isipokuwa imekufa kabisa. Uamuzi huo umeongoza kila kilichofuata.

Diski ya zamani ya kuzunguka ilinakiliwa kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwenda SSD ya inchi 2.5 ya SATA yenye unene wa mm 7. Kunakili diski nzima namna hii hubeba na namba ya ujazo, tofauti na kuweka Windows upya. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa Windows), isimamishe kwanza, na uwe na ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi. Usitupe mipira miwili ya pembeni inayoshika diski ya zamani. Bila mipira hiyo diski hucheza ndani ya nafasi yake, na kiunganishi cha SATA huchakaa kila mashine inapobebwa kwenda saiti. Mipira ikipotea inauzwa pekee, ila angalia unene: ya diski ya mm 7 na ya mm 9.5 si sawa.

W530 ina pia nafasi ya mSATA, aina ndogo ya SSD, chini ya kibodi, palepale pa kadi ya modemu ya simu. Kasi yake ni Gb 3 kwa sekunde, nusu ya nafasi kuu. Inatosha kwa hifadhi ya data, ila mfumo uache kwenye nafasi kuu.

Projekta haionyeshi: bodi au si bodi?

Kwenye W530 njia zote za kutoa picha nje, yaani VGA na mini DisplayPort, zinapitia kadi ya Nvidia, yaani ile Quadro. Kioo cha mashine chenyewe kinaweza kuendeshwa na kadi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Kwa hiyo mashine inayoonyesha vizuri kwenye kioo chake na haionyeshi nje inaweza kuwa na moja ya mambo mawili: BIOS imewekwa kutumia Intel peke yake, au Nvidia imekufa na mtu aliyetangulia akaificha kwa kuweka hivyo.

Ingia BIOS, Config, Display, halafu Graphics Device. Tulikuta imewekwa Integrated Graphics. Tukaibadilisha kuwa NVIDIA Optimus, inayotumia kadi zote mbili, tukawasha, tukaweka dreva ya Quadro na kuipa kazi ya michoro mizito. Imefanya kazi. Projekta inaonyesha. Kama ingekufa, mashine ingegoma au ingeleta picha yenye mistari na madoa kabla Windows haijafunguka, na hapo tungerudisha Integrated na kumwambia mwenye mashine ukweli: itafanya kazi, lakini skrini ya nje asahau.

K2000M imechomelewa kwenye bodi, haichomolewi. Bodi ya badala lazima iwe ya W530. Ya T530 haifai hata kama matundu yanaonekana kufanana, kwa sababu W530 yenye prosesa ya kore nne ina nafasi nne za RAM hadi GB 32, na T530 ina mbili.

Wanaolazimika kununua bodi ya mtumba waangalie mambo haya. La kwanza, nywila ya msimamizi. Kwenye ThinkPad nywila hii huhifadhiwa kwenye chipu yake na haiondoki kwa kutoa betri ndogo ya saa. Mdai muuzaji video ya bodi ikiwashwa na mtu akiingia BIOS na kubadilisha kitu. Picha ya bodi iliyozimwa haithibitishi lolote. La pili, sehemu ya Security: Computrace, mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibwa, ikiwa imewashwa kwa kudumu, haizimiki tena. Bodi za hivyo zinatoka kwenye mashine za makampuni makubwa ya nje, na si zote ziliuzwa kihalali. La tatu, bodi isiyokuwa na namba za mashine huleta makosa ya 2200 na 2201 kila inapowaka. Hayo yanarekebishika kwa programu ya matengenezo ya Lenovo, kwa hiyo yasikutishe, ila yashushe bei.

Mashine ya kuchinja

Huu ndio uamuzi uliookoa pesa. Badala ya kuagiza kibodi peke yake, fremu peke yake na bawaba peke yake, tulitafuta T530 mbovu ya kuchinja. T530 ilikuwa mashine ya kawaida ya maofisini Ulaya na Marekani, kwa hiyo ni nyingi kwenye mizigo ya mitumba. W530 ni adimu, na muuzaji anayejua anachouza huipandishia bei kwa sababu ya Quadro.

Vinavyoingia kutoka T530: kibodi, mfuniko wa juu, fremu ya kioo, bawaba, sehemu ya kuwekea viganja, mfuniko wa diski, kasha la DVD na trei yake ya mm 12.7. Kibodi inaingiliana hata na ya ThinkPad T430 na X230, jambo linaloifanya kuwa kipuri rahisi kuliko vyote kukipata Kariakoo au Nairobi.

Visivyoingia au visivyofaa: bodi kuu, mfumo wa feni na mabomba ya shaba, na chaji. Kioo kinategemea.

Sehemu ya kuwekea viganja nayo ina mtego wake. Baadhi ya W530 zina kihisi cha X-Rite cha kurekebisha rangi za kioo, kimo karibu na padi ya kugusa (touchpad). Ukifunga ya T530 kihisi kinapotea. Vivyo hivyo kisoma alama za vidole: si kila T530 inacho. Mpima ardhi hahitaji kihisi cha rangi, lakini mchapishaji wa ramani anaweza kukihitaji, kwa hiyo muulize mwenye mashine kwanza.

Tuliyoipata haikuwa inawaka, bodi yake ilikuwa imeingiwa na maji. Kwetu hilo halikuwa na shida. Tulichokagua ni bawaba (zifungue na kuzifunga taratibu, zisipige mlio wala kulegea), pembe za mfuniko, na matundu ya skrubu upande wa chini. ThinkPad iliyofunguliwa na fundi asiye na subira huwa na matundu ya plastiki yaliyopasuka, na hizo pembe hazishiki tena.

Kwa wanaoagiza kutoka nje: Dubai, wauzaji wa kompyuta wamejazana barabara ya Khalid bin Al Waleed huko Bur Dubai, na mizigo mikubwa ya mitumba inapitia Sharjah. Hao huuza kwa mashine nzima au kwa mzigo. Kuwaomba kipuri kimoja ni kuwapotezea muda, na bei watakayotaja itaonyesha hivyo.

Kibodi na kioo

Kibodi haina ugumu. Toa betri, geuza mashine, fungua skrubu mbili zenye alama ya kibodi, igeuze tena, isukume kibodi kuelekea kwenye kioo hadi ukingo wa chini uinuke, kisha iinue bila kuvuta utepe wake. Kiunganishi kinanyanyuliwa wima. Ya T530 ilikuwa na mpangilio wa Uingereza, Enter ndefu. Tulibadilisha mpangilio ndani ya Windows na kazi ikaisha.

Mstari kwenye kioo ulihitaji kufikiriwa zaidi. Ulionekana hata kwenye BIOS, kwa hiyo haukuwa wa dreva. Ulibadilika kila mfuniko ulipochezeshwa, na hapo ndipo shaka ilipoegemea kebo badala ya kioo. Mstari unaokaa palepale bila kujali mfuniko uko pembe gani huwa ni kioo chenyewe.

Kebo za mashine hizi si moja. Kioo cha 1366 x 768 hutumia njia moja ya LVDS (mfumo wa kupeleka picha kwenye kioo), na kebo yake haina nyaya zote. Kioo cha 1600 x 900 na cha 1920 x 1080 hutumia njia mbili. Ukifunga kebo ya kioo kidogo kwenye kioo kikubwa utapata picha mbovu au giza, na wengi hapo hurudisha kioo wakidhani ni kibovu. T530 yetu ya kuchinja ilikuwa na kioo cha 1366 x 768, hivyo kebo yake haikutufaa. Tuliagiza ya FHD (1920 x 1080) pekee, kwa FRU.

Wanaohitaji kioo kipya cha FHD watafute chenye kiunganishi cha LVDS cha pini 40. Kilichofungwa kiwandani kwenye nyingi ni AUO B156HW01 V.4. Vioo vya kisasa vya inchi 15.6 vinavyojaa madukani ni vya eDP, mfumo mpya zaidi, vyenye pini 30, na havichomeki moja kwa moja kwenye bodi hii.

Kebo mpya ilipitishwa kwenye njia ileile ya zamani pembeni ya bawaba kama ilivyokuwa, ikabandikwa kwa utepe kila mahali ilipokuwa na utepe. Ikiachwa huru hapo kwenye bawaba, mfuniko utaikata upya.

Joto

Chini ya kazi nzito prosesa ilifika karibu nyuzi 100, na kasi ikaanguka. Kikomo chake ni 105, kwa hiyo mashine ilikuwa inajilinda. Kelele ya feni ilitokana na beringi iliyokauka.

Feni na mabomba ya shaba ya W530 ni kipande kimoja kinachopoza prosesa na Quadro kwa pamoja. Tahadhari wakati wa kununua: cha T530 kinafanana kwa picha ila si hicho. Dai FRU, na dai picha ya upande wa chini, ambako mabamba mawili ya shaba yanaonekana. Ukipata chenye feni mbovu tu, unaweza kuhamisha feni.

Kukifikia ni lazima utoe betri, kibodi, sehemu ya viganja na fremu inayozunguka kibodi. Skrubu za kibano cha shaba zina namba. Wakati wa kufungua anza na namba kubwa kurudi nyuma, nusu mzunguko kila moja. Wakati wa kufunga fuata namba kuanzia moja. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma juu yake, silikoni iko wazi, na kukaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine kunaweza kuimega pembe.

Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo wa ukuta. Ilisafishwa kwa pombe ya isopropili ya zaidi ya asilimia 90 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya ni kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa, na kiasi hichohicho kwa Quadro. Chipu za kumbukumbu kuzunguka Quadro hazipakwi pesti. Zina pedi laini za kupitisha joto, kwa sababu kati yake na shaba kuna nafasi. Ukitoa pedi na kupaka pesti, nafasi inabaki na kumbukumbu zinaungua taratibu. Pedi zikichanika, pima unene wake kwa kalipa kabla ya kununua nyingine.

Baina ya feni na mapezi kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa, upande ambao kupuliza kwa nje hakulifikii. Ukipuliza, shika feni isizunguke.

Baada ya kufungwa, pamoja na feni ya mtumba, kazi ileile imesimama chini ya nyuzi 90 na kasi haianguki tena.

Skrubu nyingi za Lenovo zina tone la nailoni linalozizuia kulegea. Zikifunguliwa mara kadhaa tone linaisha. Tumetumia gundi dhaifu ya skrubu kwenye zile za bawaba peke yake. Usitumie gundi kali, fundi anayefuata hataweza kuzifungua.

Betri

Hiki ndicho kipuri kigumu, na kitaendelea kuwa kigumu.

Betri sahihi ni 70++, seli tisa, volti 11.1, Wh (wati-saa) 94. Kuna na 70+ yenye seli sita na Wh 57. 55++ ni ya kizazi kilichotangulia. Ina umbo lilelile na wauzaji huichanganya, lakini si ya mashine hii.

Kizazi cha T430, T530 na W530 hukagua betri. Chipu ya ndani ya betri ikishindwa kujitambulisha, mashine huleta ujumbe wakati wa kuwaka kwamba betri haikubaliki na haitachajiwa. Itafanya kazi mpaka umeme uliokuwamo ndani ya betri uishe, halafu basi. Nyingi za bandia zinazouzwa kwa bei ya chini huishia hapo. Nyingine zimeigiza chipu vizuri na zinakubalika, ila uwezo ulioandikwa kwenye lebo haulingani na seli zilizomo.

Kipimo cha haraka ni hesabu. Seli tisa za 18650 zimepangwa tatu mfululizo mara tatu sambamba. Ili kufikia Wh 94 kila seli inahitaji takriban Ah 2.8. Betri inayodai Wh 110 au zaidi kwa umbo lilelile iulizwe maswali.

Betri orijino iliyokaa dukani tangu 2013 nayo si jibu. Seli za lithiamu huzeeka zikiwa kwenye boksi, na zikikaa zimeisha chaji kabisa, bodi ya ndani hujifunga moja kwa moja. Dai tarehe ya kutengenezwa iliyoko kwenye lebo, si tarehe ya boksi. Kisha pima. Windows 7 haina ile ripoti ya betri ya matoleo ya baadaye, lakini amri hii inatoa uwezo wa awali na uwezo uliobaki:

powercfg /energy

Njia bora zaidi dukani ni USB yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Fungua folda ya /sys/class/power_supply/BAT0 na usome energy_full_design na energy_full. Betri ya zamani ya mashine hii ilionyesha chini ya theluthi ya uwezo wake. Chini ya asilimia 80 hatununui.

Usafirishaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mizigo ndani ya ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinapaswa kuwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Ndiyo maana mawakala wengi wa mizigo hukataa betri au huziweka kwenye meli. Betri iliyomo ndani ya kompyuta ina masharti mengine, mepesi zaidi. Hiyo ni sababu ya pili ya kupenda mashine ya kuchinja: betri nzuri inaweza kuja ndani yake kwa uhalali. Msafiri naye anaweza kubeba ya akiba kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Wh 94 ziko chini ya kikomo cha Wh 100, hivyo hakihitajiki kibali cha shirika la ndege. Funika vituo vyake kwa utepe.

Kubadilisha seli ndani ya kasha la zamani kunawezekana na wapo mafundi wanaofanya. Sisi hatufanyi kwa mashine ya kazi. Bodi ya betri hukumbuka uwezo wa zamani na hitilafu ilizowahi kuona, na ikikatiwa umeme wakati wa kubadilisha inaweza kujifunga. Bila kuifuta kumbukumbu hiyo, seli mpya zitasomeka kama zilizokufa. Upo pia mradi wa programu huria wa thinkpad-ec unaoondoa ukaguzi wa betri kwenye chipu ya ndani ya mashine, lakini unahitaji toleo la BIOS lisilo jipya sana, na umeme ukikatika katikati unabaki na bodi iliyokufa. Kwa mashine ambayo leseni yake imefungwa kwenye bodi, hilo halikubaliki.

Hali: betri ya T530 ya kuchinja ni 70+ ya Wh 57, orijino, na imepimwa ikiwa na zaidi ya asilimia 80. Imefungwa kwa muda. 70++ bado inatafutwa.

Chaji

W530 ya kore nne inahitaji wati 170: volti 20, ampea 8.5. Ya wati 90 inaweza kuchaji betri mashine ikiwa imezimwa, lakini si ya kufanyia kazi. Ya wati 135 inaendesha kazi nyepesi.

Plagi ni ya duara, mm 7.9, yenye pini katikati inayoiambia mashine ukubwa wa chaji. Ile ya wati 170 ina ufito unaoingia kwenye pengo la tundu la W520 na W530, hivyo haiingii kwenye ThinkPad ndogo. Usinunue ya W540: ni ya mstatili.

Bandia hujulikana kwa uzito na joto. Ipime chini ya kazi kamili, prosesa na Quadro kwa pamoja, kwa nusu saa, huku ukitazama kama Windows inabadili alama ya umeme kwenda ya betri na kurudi. Ikifanya hivyo hata mara moja, rudisha. Yetu imepita.

Betri ndogo ya saa

Ni CR2032 yenye nyaya mbili na kiunganishi kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Ikichoka huleta makosa ya 0251 na 0271. Nunua iliyoungwa nyaya tayari. Kuchomelea waya kwa pasi moja kwa moja kwenye seli huiharibu na kunaweza kuilipua. Imebadilishwa kwa sababu mashine ilikuwa tayari wazi.

Kadi ya Wi-Fi haikuguswa. Anayehitaji kuibadilisha ajue BIOS hukubali kadi zilizoorodheshwa tu. Nyingine huleta kosa la 1802 na mashine haiwaki mpaka itolewe. Intel 6205 yenye FRU 60Y3253 na 6300 yenye 60Y3233 ziko kwenye orodha. 6300 hutumia antena tatu, hakikisha mfuniko wako unazo.

Mawasiliano na vyombo vya upimaji

Total station (vyombo vya kupimia pembe na umbali) za zamani huzungumza kwa RS-232, njia ya zamani ya kutuma data kwa kebo ya serial, na W530 haina tundu hilo. Ina nafasi ya ExpressCard/34, na kadi za serial za aina hii bado zinapatikana. Ila ExpressCard hubeba njia mbili, PCIe na USB, na kadi za bei ya chini huwa ni adapta ya USB iliyofichwa ndani ya umbo la kadi. Tafuta yenye chipu ya PCIe, kwa mfano OXPCIe952.

Kwa adapta za USB, zenye chipu halisi ya FTDI hazina usumbufu. Za PL2303 za matoleo ya zamani hukataliwa na dreva mpya na kuonyesha kosa namba 10, na bandia za chipu hizo ni nyingi.

Baada ya kuweka kadi, Windows iliipa tundu lake la serial jina la COM7. Programu za zamani za kupakua data huona COM1 hadi COM4 tu. Badilisha kwenye Device Manager, sifa za tundu, Advanced. Kisha jaribu bila chombo: unganisha pini ya 2 na ya 3 za kiunganishi kwa kipande cha waya, fungua programu ya terminali, andika herufi. Zikirudi kwenye kioo, tundu liko sawa, na hitilafu yoyote iliyobaki iko kwenye kebo au kwenye mipangilio ya kasi na pariti ya chombo.

Zimerudi. Total station imeunganishwa kwa 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama, na faili la pointi limepakuliwa lote.

Vilivyobaki wazi

70++ yenye tarehe ya karibu na uwezo wa asilimia 80 au zaidi. Feni ya akiba, kwa kuwa iliyofungwa sasa ni ya mtumba. Kutoka kwenye T530 zimehifadhiwa mfuniko wa juu, bawaba zote mbili, kasha la DVD na skrubu zote, zikiwa kwenye mifuko iliyoandikwa FRU. Bodi yake iliyoingiwa maji itauzwa kwa mafundi wanaotoa chipu.